Jibu Unaloweza Kwenda Nalo Matangani



Nimeombwa nizungumze juu ya swali la uadui: lile linaloulizwa mbele za watu, kwa sauti ya juu, na mwenye kuliuliza hatafuti kujua, anataka kukuona umeanguka. Nina jambo moja la kusema. Kwetu Usambara anayekuuliza swali hilo si mgeni. Ni shemeji yako, ni mtoto wa mjomba wako, ni jirani ambaye shamba lake la viazi limepakana na lako. Wiki ijayo patatokea msiba, na mtakaa jamvi moja. Kwa hiyo kabla hujafungua kinywa, jiulize: jibu hili naweza kwenda nalo matangani? Nikilitoa leo sokoni Lukozi, keshokutwa nitaweza kumtazama mtu huyu usoni tukiwa tumeshika jeneza pamoja?

Kuna atakayesema kipimo hiki ni cha mwoga, cha mtu anayetaka kupendwa na kila mtu. Sivyo. Uongo hauendi matangani, kwa sababu watu wa kijiji wana muda wa kutosha wa kuupima, na siku moja utaumbuka. Kukwepa nako hakuendi, kwa sababu aliyekuuliza anajua kwamba ulimkwepa. Kipimo hiki kinadai ukweli wote, na kinadai usemwe kwa namna ambayo kesho mtu anaweza kurudi kukuuliza tena.

Mlio na umri wa kutosha mnaikumbuka miaka ya themanini na tisini. Kanda za video za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilikuwa zikizunguka mijini, na hapa nchini wahubiri wa Kiislamu walikuwa wameisoma Biblia kwa bidii ambayo Wakristo wengi hawakuwa nayo. Ngariba na Kawemba waliandika kitabu wakakiita Uislamu katika Biblia. Upande wa Wakristo wakainuka wahubiri wa kujibu, wakajulikana kama Biblia ni Jibu. Mliohudhuria mihadhara yao mnajua ilivyokuwa. Meza katikati ya uwanja, spika za pembe juu ya mti, vitabu vimechomekwa vipande vya karatasi kuonyesha kurasa. Mhubiri anataja kitabu, sura na mstari, msomaji wake anasoma kwa kasi, na kabla sentensi haijaisha mhubiri anapaza sauti: hapohapo, rudia! Umati unapiga takbiri, au unapiga vigelegele, kutegemea uwanja ni wa nani.

Mihadhara ile ilitufanyia jema moja: ilitulazimisha kusoma. Kijana wa kipaimara ambaye hakuwahi kufungua Kumbukumbu la Torati alijikuta anaitafuta sura ya 18 usiku kwa taa ya chemli, maana kesho yake rafiki yake atamuuliza ni nabii gani Musa alimtabiri. Lakini ilitufundisha pia tabia mbaya, na tabia hiyo bado tunayo. Ilitufundisha kusoma Maandiko kama ghala la silaha. Mstari unaokotwa kwa sababu unachoma, mingine iliyo kando yake inaachwa. Mwenye kushangiliwa akawa ndiye mwenye haki. Halafu mhubiri anafunga vitabu vyake, anapanda basi la asubuhi kurudi Tanga au Dar es Salaam, na anayebaki na shemeji aliyekasirika ni wewe. Sisemi kwamba mihadhara ndiyo iliyozaa vurugu za mabucha ya nguruwe Dar es Salaam mwaka 1993, wala maafa ya msikiti wa Mwembechai ya Februari 1998. Mambo hayo yalikuwa na mizizi mingi. Nasema kwamba nchi ilikuwa imezoea kusikia dini ya jirani ikitajwa kwa dhihaka, na mazoea hayo hayakuwa bure.

Milima hii haina ukuta kati ya dini na dini. Ukitaja ukoo mmoja wenye She- mwanzoni mwa jina, utakuta humo ndani mna mashekhe, mna wachungaji, na mna mabibi wanaochinja kuku sikukuu zote mbili. Asiyelijua hilo asijibu swali lolote Usambara.

Sasa twende kwa Bwana wetu, maana yeye aliulizwa maswali ya uadui kuliko mtu yeyote tunayemsoma. Angalieni habari ya kodi ya Kaisari katika Mathayo 22. Waliomjia walikuwa Mafarisayo na Maherode, makundi mawili yasiyopatana, yakaungana kwa siku moja ili kumtega. Akisema kodi ilipwe, watu watamchukia. Akisema isilipwe, Warumi watamkamata. Yesu akaomba waonyeshe sarafu. Tazameni jambo lililo dogo hapo: sarafu haikutoka kwake, ilitoka kwao. Waliokuja kumuuliza kama ni halali kumlipa Kaisari kodi walikuwa na picha ya Kaisari mikononi mwao. Hakuhitaji kuwatukana. Aliwafanya waitoe wenyewe, hadharani, kisha akasema neno lake fupi kuhusu Kaisari na Mungu, wakaondoka wakistaajabu.

Mtaniambia: lakini aliwaita wanafiki palepale. Ni kweli, aliwaita. Injili imeandika kwamba aliujua uovu wao. Mimi na wewe hatujui moyo wa mtu anayetuuliza. Tunaweza kukisia, na kukisia kwetu mara nyingi kunatokana na hasira yetu, si na macho yetu. Kwa hiyo katika jambo hili simwigi. Namwiga katika sarafu.

Habari ya mwanamke aliyeletwa mbele yake, katika Yohana 8, ina mafundisho mawili tunayoyapita haraka. La kwanza, mwanamke yule ndiye aliyefanywa swali. Wale watu hawakuwa na shida naye, walikuwa na shida na Yesu, nao wakamburuta mtu mzima mbele za umati ili wamtege mwingine kwa aibu yake. Hata leo hutokea. Mtu anasimama kwenye mkutano wa injili na kuuliza kwa sauti: binti wa mzee wa kanisa fulani amepata mimba, mnasemaje? Hapo mtumishi wa Mungu hana haki ya kuanza kueleza mafundisho ya kanisa juu ya ndoa. Kazi yake ya kwanza ni kumtoa binti yule katikati ya uwanja, kwa kukataa kumzungumzia kabisa. La pili, Yesu aliinama akaandika chini, na washitaki wakaondoka mmoja mmoja, wakianza na wazee. Hakuwakodolea macho wakati wanaondoka. Aliwaachia njia ya kutoka bila kuaibishwa. Ni wangapi kati yetu, tukishamshinda mtu kwa hoja, tunakubali kuangalia chini ili apate kuondoka?

Na kuna kunyamaza. Herode alimuuliza maneno mengi, yeye hakumjibu neno. Pilato alijibiwa mara nyingine, na mara nyingine hakujibiwa. Mithali 26 imeyaweka mashauri mawili jirani, moja linakataza kumjibu mpumbavu, linalofuata linataka ajibiwe, wala mwandishi hakuona haja ya kuyapatanisha. Alijua kuna siku ya hili na siku ya lile. Herode hakuwa na swali. Alikuwa amengoja siku nyingi kuona muujiza, alitaka burudani. Mtu anayetaka burudani hajibiwi. Pilato, pamoja na woga wake wote, kulikuwa na dakika alizouliza kwa kweli, na katika dakika hizo alipata majibu mazito kuliko aliyoyategemea.

Hapa mjini kwetu Lushoto kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na mahakimu waliopita humo wanaweza kuwaambia jinsi mawakili wanavyomdodosa shahidi. Shahidi hana hiari, anaulizwa naye lazima ajibu. Lakini mbele yake yuko hakimu, ambaye swali likiwa la matusi atalizuia. Sokoni hakuna hakimu. Hakuna wa kukulazimisha ujibu, na hakuna wa kukulinda. Wakristo wengi hujibu sokoni kama wako kizimbani, kana kwamba wasipojibu papo hapo, kila swali, kwa mpangilio uleule alioutaka mwulizaji, basi imani imeshindwa. Ukisema, Ndugu yangu, hilo sijui, nitalisoma halafu nitakuja kwako nyumbani, hujashindwa kitu. Umejipatia sababu ya kwenda nyumbani kwake.

Niwaeleze nilichokiona ndani ya Coaster iliyokuwa ikipanda kutoka Mombo. Kijana aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva alimwona mwinjilisti mmoja mzee mwenye Biblia mapajani, akageuka akamwambia, na gari zima likasikia: Mzee, nionyeshe wapi Yesu alisema kwa kinywa chake, mimi ni Mungu, niabuduni. Lilikuwa swali lilelile la mihadhara, mnalijua. Nilitegemea mzee atafungua Biblia aanze kurusha mistari. Hakuifungua. Akasema, Mwanangu, kwa maneno hayo uliyoyapanga wewe, hakuna mahali. Gari likanyamaza, na kijana mwenyewe akaonekana kukosa la kufanya, maana alikuja na ngumi akakuta mlango uko wazi. Mzee akaendelea polepole: Lakini nikuulize na mimi. Mtu akimwambia mgonjwa aliyepooza kwamba dhambi zake zimesamehewa, dhambi ambazo hakukosewa yeye, huyo anajiona ni nani? Waliokuwepo siku ile walikasirika kwa swali hilohilo. Na Tomaso alipomwita Bwana wake na Mungu wake, kwa nini hakumkemea, wakati malaika na mitume walipoinamiwa walikataa? Kisha akamuuliza: Wewe ni wa nani pale Soni? Kijana akataja ukoo. Mzee akasema, Basi babu yako mdogo nilifanya naye kazi kwenye mashamba ya chai, mwambie namsalimu. Mpaka Soni walikuwa bado hawajakubaliana. Kijana aliendelea kusema kwamba kusamehe ni kwa idhini ya Mungu na manabii wanaweza kupewa idhini, ambalo ndilo jibu la Kiislamu na lina uzito wake. Lakini sauti ilikuwa imeshuka, na abiria waliokuwa wakisubiri ugomvi walirudi kwenye mazungumzo yao.

Mzee yule alikubali kwanza kilicho kweli katika swali. Hilo ndilo linalotushinda. Tunaogopa kwamba tukikubali inchi moja tutapoteza shamba zima.

Sasa nifike kwenye swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote yanayoulizwa katika milima hii, na ambalo tumelijibu vibaya kwa muda mrefu. Nalo ni hili: Ukristo ni dini ya wazungu, uliletwa na waliowanyonga wazee wetu na kuchukua ardhi yetu. Hulisikia kwa Mwislamu, hulisikia kwa kijana wa chuo asiye na dini, na siku hizi nalisikia kwa watoto wetu wenyewe waliobatizwa.

Tumezoea kujibu kwa hasira au kwa kicheko: mbona unavaa suruali, mbona unatumia simu? Jibu hilo haliendi matangani. Lina dharau kwa watu waliokufa. Tuitazame historia kwanza. Mwaka 1886, mjini Berlin, kiliundwa chama cha misioni kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na katika kuanzishwa kwake walikuwemo watu wa Carl Peters, mtu yuleyule aliyezunguka na mikataba ya hila kuwapokonya watu nchi zao. Chama hicho ndicho ambacho baadaye kilihamia Bethel, Ujerumani, nasi tukakijua kama misioni ya Bethel. Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mtawala wa Vuga wa ukoo wa Wakilindi. Na mwaka huohuo wa 1895 misioni ilifungua kituo Vuga. Kitanzi na kengele vilifika mji mmoja katika mwaka mmoja. Mji huu tulipokaa uliitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walowezi walikata mashamba yao katika ardhi nzuri ya milima hii.

Mkristo wa Usambara akiulizwa, aanze na hapo. Aseme: Ndugu yangu, ulilosema lina ukweli, na mimi ninaujua kuliko unavyofikiri. Aseme miaka na majina. Hatakuwa anamsaliti Kristo kwa kusema kweli juu ya Berlin.

Akishasema hayo, ndipo anapata kibali cha kusema mengine. Kwamba mmisionari Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, zaidi ya miaka thelathini kabla ya bendera yoyote ya Kijerumani, hana askari, ametumwa na chama cha Kiingereza ingawa mwenyewe ni Mjerumani. Alirudi tena mwaka 1852, na Kimweri, ambaye hakuna mtu angeweza kumlazimisha lolote nyumbani kwake, alimkaribisha. Mfalme yule alikuwa huru kusema ndiyo au hapana. Kwamba Lutindi, mwaka 1896, yalianzishwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na baadaye mahali hapohapo pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili ambao hakuna aliyetaka kuwapokea. Kwamba kanisa la Ethiopia lilikuwa na mfalme Mkristo huko Aksum katika karne ya nne, na kwamba Agostino, ambaye Luther mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika lenye jina lake, alizaliwa na kufa katika ardhi ya Afrika.

Lakini hayo yote, kwangu, ni hoja za daraja la pili. Hoja ninayoiweka mbele ni ya watu wetu wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza waliichukua Usambara mwaka 1916, na baadaye wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipoanza wakaondolewa tena. Kama Ukristo ungekuwa mali ya wazungu, hapo ndipo ungekufa, na mara mbili. Haukufa. Walimu na wainjilisti wa Kisambaa, wengi wao bila mshahara wa kutajika, walishika shule, wakazika, wakafundisha watoto kipaimara, wakatembea kwa miguu kutoka bonde hadi bonde. Kule Lwandai, Mlalo, darasa la kuwaandaa wachungaji Waafrika lilianza katika miaka ya 1940, ndilo lililohamia Makumira mwaka 1954. Mwaka 1963 kanisa la Usambara-Digo liliingia katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania likiwa mmoja wa waasisi saba. Tukijibu swali la dini ya wazungu kwa kumtetea mzungu, tunawasahau bibi na babu zetu waliolibeba kanisa mzungu akiwa hayupo. Hao ndio jibu. Na kama wewe mzee wa kanisa hujui jina la mwinjilisti aliyekaa usharikani kwako wakati wa vita, nenda kaulize kabla hajafa anayemkumbuka.

Nipite kwa haraka kwenye jambo la sheria, kwa sababu kuna Wakristo ambao wakiulizwa swali gumu hukimbilia polisi. Mwaka 2001, Morogoro, mhubiri wa Kiislamu alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kusema mkutanoni kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alishitakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kesi hiyo, inayojulikana kama kesi ya Dibagula, ilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, hatia ile ilifutwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na Mkristo anapaswa kuufurahia. Mwislamu anayesema Yesu si Mwana wa Mungu anasema imani yake, kama mimi ninavyosema yangu ninapokiri Imani ya Mitume kila Jumapili. Sheria inatafuta nia ya kuumiza, na nia hiyo haithibitishwi kwa sababu tu mimi nimeumia. Tukiomba dola imnyamazishe anayetukana mafundisho yetu, siku moja itatunyamazisha na sisi, kwa maana mafundisho yetu nayo yanamuudhi mtu.

Wamisionari wetu wenyewe wametuachia mifano miwili tofauti kabisa. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa misioni ya Kianglikana ya UMCA aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha Kurani kwa Kiswahili, akaiwekea dibaji na maelezo ya kuishindania imani yake. Alijua Kiarabu na alifanya kazi kubwa. Lakini Waislamu waliona, na walikuwa na sababu, kwamba kitabu chao kimetafsiriwa ili kishambuliwe. Ahmadiyya wakatoa tafsiri yao mwaka 1953, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa Qurani Takatifu mwaka 1969, akajibu pande zote mbili. Misioni hiyohiyo ya UMCA, huku chini ya milima yetu, Magila, ilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa. Na katika kiwanda hicho, kuanzia mwaka 1895, walichapa Habari za Wakilindi, historia ya watawala wetu iliyoandikwa na Mwislamu, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Hawakuongeza maelezo ya kumpinga. Walimchapia. Leo Msambaa Mkristo anayetaka kumjua Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi, anakwenda kusoma kitabu hicho. Mkiniuliza ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyofungua mlango mkubwa zaidi wa mazungumzo kati ya Mkristo na Mwislamu katika nchi hii, nitataja ya Magila bila kusita.

Nimebakiza swali ambalo si la Mwislamu wala la msomi. Ni la mama. Mtoto amefariki hospitalini, labda Bumbuli, labda hapa Lushoto, na watu wamekusanyika nyumbani, na mchungaji anapoingia mama anamgeukia na kusema kwa ukali: Mungu wako alikuwa wapi? Wengi wetu husikia uadui, nasi huanza kumtetea Mungu. Tunasema alimpenda zaidi, tunasema ni mapenzi yake, tunasema usikufuru. Hayo yote hayajibu kitu, na baadhi yake ni ya kumsingizia Mungu. Rafiki zake Ayubu walifanya vema kwa siku saba, walipokaa naye chini wasiseme neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Msafiri wa Kiingereza Richard Burton alipofika Vuga mwaka 1857 alimkuta Kimweri ni mzee na mgonjwa. Mfalme aliyehofiwa kutoka Pare mpaka pwani, mwenye kuamua nani aingie nchini na nani arudi, alichotaka kwa mgeni yule ni dawa. Burton hakuwa nayo, na miaka mitano baadaye Kimweri alifariki. Nalikumbuka jambo hilo kila ninapoulizwa swali la ukali. Kabla ya kupima hoja ya mtu, tazama kama anaumwa. Kijana anayepiga kelele kwamba makanisa yanakula sadaka za maskini huenda mama yake aliuza mbuzi wa mwisho kumpelekea mwombeaji mmoja mjini, na hakupona. Usimjibu juu ya fungu la kumi. Mwulize juu ya mama.

Itatokea siku mtakosa. Hasira itawazidi, mtasema neno. Paulo naye, katika Matendo 23, alipigwa kofi kwa amri ya kuhani mkuu, akamjibu kwa kumwita ukuta uliopakwa chokaa. Alipoambiwa aliyemtukana ni kuhani mkuu, aliomba radhi palepale, mbele ya baraza lilelile, akataja Andiko lililomhukumu yeye mwenyewe. Hakungoja faraghani. Tusi lililotolewa sokoni halifutwi kwa ujumbe wa simu. Mwinjilisti aliyemdhihaki Mtume Muhammad kwenye kipaza sauti, arudi kwenye kipaza sauti hicho aseme amekosa, hata kama wenzake watasema ameliaibisha kanisa.

Kuhusu simu, nitasema kwa kifupi. Siku hizi swali linaulizwa huku mtu wa pili anarekodi, na jibu lako la dakika kumi litakatwa libaki sekunde kumi. Ukiona simu imeinuliwa, jibu kwa sentensi mbili ambazo zikikatwa popote bado ni kweli, halafu mwalike mwulizaji mkae. Akikataa kukaa bila kamera, umeshajua alitaka nini, na hapo mfano wako ni Yesu alivyonyamaza mbele ya Herode. Ukialikwa kwenye mdahalo, kubali kama waandaaji wanatoka pande zote mbili, kama wenyeji wa kijiji wamekubali, na kama hakuna kiingilio wala mshindi wa kutangazwa. La sivyo, kataa kwa barua ya heshima.

Na wachungaji, nawaomba hili kwa kazi ya mwaka ujao. Katika darasa la kipaimara tengeni jioni moja kila mwezi ambayo mtoto ataleta swali gumu kuliko yote aliyoulizwa shuleni au na ndugu yake Mwislamu, alisome kwa maneno yaleyale aliyoulizwa, bila kulilainisha. Mwalimu asilijibu siku hiyo. Watoto waende nalo nyumbani, wawaulize babu na bibi, wamwendee hata mwalimu wa madrasa wamuulize yeye analielewaje, na mwezi unaofuata walete walichokipata. Tutakuwa na vijana wachache wanaojua kushinda mabishano. Lakini tutakuwa na vijana ambao wakisimama Lukozi siku ya soko na kuulizwa, watamjua aliyewauliza ni nani, nyumbani kwao ni wapi, na watakuwa wameshamsikiliza kabla hajaanza kupaza sauti.